Nuru na Mawimbi ya Spini katika Sumaku: Jaribio la Kuifafanua Fizikia kwa Kiswahili

Utangulizi

Ni nadra kongamano la Kiswahili kumalizika bila mzungumzaji mmoja kutamka kwamba lugha hii inajitosheleza kueleza taaluma yoyote ile. Makofi hupigwa na kikao kufungwa. Kinachokosekana aghalabu ni mfano: mada ngumu, iliyo mbali na maabara ya shule ya upili, ikielezwa kwa Kiswahili hatua kwa hatua mpaka msomaji asiye mwanafizikia aifuate. Pasipo mfano, dai hilo hubaki kuwa shime tu.

Makala haya yanakusudia kutoa mfano mmoja. Mada yenyewe ni namna nuru inavyoathiriana na mawimbi ya spini ndani ya vitu vyenye usumaku. Mada hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna aliyewahi kuyaona mawimbi hayo kwa macho, hivyo mwandishi hawezi kuegemea tajriba ya msomaji. Hana budi kuitegemea lugha. Pili, neno kuu la mada, spini, ni sitiari iliyopotoka tangu siku ya kuzaliwa kwake, na sitiari ni milki ya wanafasihi kabla ya kuwa ya wanafizikia.

Ikumbukwe kuwa kazi ya istilahi haijaanza leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, kamusi humpa msomaji neno na fasili fupi. Haimpi hoja inayoanza mahali na kufika mahali. Nchini Kenya, ambako fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, hata neno lenyewe ni wachache wanaolitafuta.

Pia isiyozunguka

Mtoto anapoichezesha pia sakafuni, pia hiyo huwa na miendo miwili. Wa kwanza ni kuzunguka kwenye mhimili wake. Wa pili huonekana pia inapoanza kuchoka: mhimili wenyewe huinama, na kichwa cha pia huchora duara hewani polepole. Mwendo huu wa pili utaitwa hapa myumbo. Msomaji na auhifadhi akilini, kwani ndio msingi wa yote yatakayofuata.

Mwaka 1925, vijana wawili wa mji wa Leiden, Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, walipendekeza kwamba elektroni huzunguka mfano wa pia. Pendekezo lao lilifumbua mafumbo kadhaa kuhusu nuru inayotolewa na atomu. Walimwendea Hendrik Lorentz, mwanafizikia mkongwe wa mji huo huo, naye akapiga hesabu na kuona tatizo: ili elektroni izunguke kwa kiasi kilichohitajika, uso wake ungelazimika kwenda kwa kasi kupita ya nuru, jambo lisilowezekana. Vijana wale wakataka kuiondoa makala yao, lakini mwalimu wao Paul Ehrenfest alikuwa amekwisha kuituma kwa wachapishaji.

Lorentz alikuwa sahihi, na vijana nao walikuwa sahihi. Sifa waliyoitambua ipo kweli. Picha waliyoitumia ndiyo isiyokuwepo. Elektroni haizunguki. Ina tabia fulani ya asili, kama ilivyo na chaji na tungamo, ambayo huifanya iwe kama sumaku ndogo mno na kuyumba kama pia inapowekwa katika uga wa sumaku. Jina lenye maana ya kuzunguka lilikwisha kuganda, na Waingereza wakaendelea kulitumia wakijua kuwa ni sitiari iliyokufa.

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapojikwaa. Akiandika “mzunguko wa elektroni”, atakuwa ameifufua sitiari iliyokufa na kumfundisha mwanafunzi jambo ambalo Lorentz alilikanusha. Aidha, neno mzunguko limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: kuna mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha, mzunguko wa dunia kulizunguka jua. Mwanafunzi atauliza, na ana haki ya kuuliza, iwapo elektroni inazunguka yenyewe au inakizunguka kiini cha atomu. Ni afadhali neno litoholewe, liwe spini, lisiloahidi picha yoyote. Pia ibaki kuwa kielelezo cha darasani, kitu cha kuonyeshwa na kuwekwa kando. (Kwamba pia ni neno lenye maana nyingine katika karibu kila sentensi ya Kiswahili ni sababu ya ziada ya kutolifanya istilahi.)

Deni linalolipwa kwa mchango

Ndani ya kipande cha chuma kilicho sumaku, spini za atomu jirani huelekea upande mmoja. Werner Heisenberg alieleza sababu yake mwaka 1928. Si kwamba sumaku ndogo zinavutana. Mvuto huo ni dhaifu mno. Sababu ni msukumano wa kiumeme baina ya elektroni, ukichanganyika na kanuni za kikwanta zinazozikataza elektroni mbili zenye spini sawa kuwa mahali pamoja. Elektroni zenye spini sambamba huepukana, na kwa kuepukana hupunguza gharama ya nishati. Katika chuma, usambamba ndio ulio rahisi.

Je, itakuwaje spini moja ikigeuzwa kichwa chini miguu juu? Gharama itakuwa kubwa, kwa sababu spini hiyo itakuwa imekinzana na majirani zake wote. Mwaka 1930, Felix Bloch alionyesha kwamba maumbile yana njia ya bei nafuu zaidi. Badala ya spini moja kulibeba deni lote, deni hugawanywa kama katika harambee: kila spini huinama kidogo tu na kuyumba, na kila moja huchelewa kidogo nyuma ya jirani yake. Ukizitazama zote kwa pamoja, kuchelewa huko huonekana kama wimbi linalopita. Hilo ndilo wimbi la spini.

Mfano wa shamba la mpunga linalopigwa na upepo unasaidia, ila usivutwe mbali. Mashina ya mpunga hayahami. Kinachosafiri ni kule kuinama. Vivyo hivyo spini hazihami. Tofauti ni kwamba mpunga huenda mbele na kurudi nyuma, ilhali spini huchora duara kama kichwa cha pia. Tofauti ya pili ni nzito zaidi: mpunga waweza kuinama kwa kiasi chochote, lakini wimbi la spini hupimwa kwa vipande visivyogawanyika. Kipande kimoja huitwa magnoni. Magnoni moja ni deni la spini moja iliyogeuzwa, lakini haiwezekani kuonyesha kwa kidole ni spini ipi.

Kwa wazo hili Bloch alieleza jambo lililokuwa likipimwa maabarani, yaani kwa nini sumaku iliyo baridi sana hupungua nguvu kidogo kidogo inapopashwa moto. Joto huzalisha magnoni, na kila magnoni huuondoa usumaku kwa kiasi cha spini moja.

Nuru inapoingia

Nuru ni mtikisiko wa uga wa umeme na uga wa sumaku unaosafiri pamoja. Mtu angedhani kwamba uga wa sumaku wa nuru ndio unaoshikana na spini. Sivyo. Nuru ya kijani hutikisika zaidi ya mara trilioni 500 kwa sekunde, ilhali spini katika chuma huyumba mara bilioni chache au makumi ya bilioni kwa sekunde. Ni kama mtu kujaribu kukibembeza kitanda cha mtoto kwa kukitetemesha: kitanda hakina nafasi ya kuitikia.

Njia halisi ni ya kuzunguka. Uga wa umeme wa nuru huzitikisa elektroni zenye chaji. Mwendo wa elektroni katika atomu umefungamana na spini yake, kwa hiyo namna elektroni inavyouitikia mtikisiko hutegemea kidogo upande ambao spini imeelekea. Nuru haiigusi spini. Huigusa elektroni, na elektroni huifikishia nuru habari za spini. Spini huongea kupitia mshenga.

Ushahidi wa kwanza wa ushenga huu ulipatikana kabla ya elektroni yenyewe kujulikana. Mnamo Septemba 1845, jijini London, Michael Faraday alipitisha nuru katika kioo kizito chenye risasi, kilichowekwa kati ya ncha za sumaku ya umeme. Nuru yenyewe ilikuwa imechujwa ili itikisike katika upande mmoja tu, kama kamba inayotikiswa kupitia mwanya wa ua wa miti. Faraday aliona kwamba upande wa mtikisiko ulisokotwa kidogo nuru ilipopita kwenye uga. Mwaka 1877 John Kerr alieleza jambo lililo ndugu yake: nuru inayoakisiwa kutoka ncha ya sumaku iliyong'arishwa nayo husokotwa.

Sasa sumaku ya Faraday na ibadilishwe, badala ya kutulia iwe na wimbi la spini linalopita. Mahali spini zimeinama hivi, nuru husokotwa hivi. Hatua chache mbele spini zimeinama vingine, na nuru husokotwa vingine. Kwa nuru, kitu chote kimekuwa mithili ya jamvi lenye mistari, na mistari yenyewe inakwenda. Mistari ya jamvi huitawanya nuru pembeni. Kwa kuwa inakwenda, huibadilisha pia idadi ya mitikisiko yake, kama mlio wa king'ora cha ambulensi unavyosikika juu ikija na chini ikienda zake. Léon Brillouin wa Ufaransa alikuwa ametabiri jambo la aina hii mwaka 1922 kuhusu mawimbi ya sauti ndani ya vitu, na jina lake ndilo linalotumika hadi leo, hata wimbi linapokuwa la spini.

Jambo hilo hilo laweza kusimuliwa kwa lugha ya vipande. Fotoni, yaani kipande cha nuru, huingia na kuzaa magnoni. Hutoka ikiwa imepungukiwa nishati kiasi hicho hicho. Au humkuta magnoni njiani, ikammeza, ikatoka na nishati zaidi. Masimulizi haya mawili, la jamvi na la vipande, hayapingani. Hesabu zake hutoa jibu moja. Mwalimu wa fasihi hatashangaa kwamba kisa kimoja kina wasimulizi wawili.

Mwaka 1966, Paul Fleury na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba wameiona nuru iliyotawanywa na mawimbi ya spini, katika fuwele ya chuma na florini iliyopozwa sana. Leza ilikuwa na miaka sita tu tangu kuundwa, na bila leza jaribio hilo lisingekuwa rahisi.

Sehemu moja kwa elfu hamsini na sita

Ugumu wa kazi hii unaeleweka vizuri kwa hesabu. Leza ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 ina masafa (yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya gigahezi 564,000 hivi. Wimbi la spini katika utando wa chuma laweza kuwa na masafa ya gigahezi 10. Nuru iliyotawanywa itatofautiana na iliyoingia kwa sehemu moja kati ya 56,000. Hakuna jicho litakaloona rangi imebadilika, wala mche wa kioo hautaitenganisha. Juu ya hayo, nuru inayorudi bila kubadilika ni nyingi mno kuliko ile iliyobadilika.

Ufumbuzi ulitokana na chombo cha Wafaransa Charles Fabry na Alfred Perot, kilichoelezwa mwishoni mwa karne ya 19: vioo viwili vinavyotazamana, ambavyo huipitisha nuru ya masafa fulani tu kulingana na umbali uliopo kati yake. Katika miaka ya 1970, John Sandercock alikiboresha kwa kuipitisha nuru ile ile mara kadhaa, ili takataka ichujwe tena na tena. Mtu aliyewahi kumwona mama akichuja tui la nazi mara tatu ataelewa nia.

Nuru iliyotawanywa na magnoni ina alama nyingine ya kuitambua: kwa kawaida upande wake wa mtikisiko hugeuzwa nyuzi 90. Nuru iliyotawanywa na mawimbi ya sauti kwa kawaida huubakiza upande wake. Mpimaji huweka kichujio na kuwatenga hao wawili. Kuna mpaka pia. Kwenye utando mwembamba, nuru ya nanomita 532 haiwezi kuyafikia mawimbi ya spini yaliyo mafupi kuliko nusu ya urefu wake, yaani nanomita 266. Yaliyo mafupi zaidi yapo, lakini kwa njia hii nuru hiyo haiyaoni.

Tabaka mbili za chuma

Kama yote haya yangeishia maabarani, msomaji wa jarida la Kiswahili angekuwa na haki ya kuuliza yanamhusu nini. Jibu linapatikana Jülich, Ujerumani, ambako Peter Grünberg alikuwa akitumia nuru kuyapima mawimbi ya spini katika tando za chuma.

Grünberg aliweka tabaka mbili za chuma na kati yake utando wa kromi wenye unene wa kadiri ya nanomita moja. Alitaka kujua iwapo tabaka hizo zinahisiana kupitia kromi. Hapa mfano wa mashua mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba gatini unafaa. Zikiyumba pamoja, kamba haina kazi. Zikiyumba kwa kupishana, kamba hukazika, na kasi ya kuyumba kwao hubadilika. Anayetazama kuyumba tu, bila kuiona kamba, aweza kujua kama kamba ipo na ina nguvu kiasi gani. Grünberg alitazama myumbo wa spini kwa nuru na kuitambua kamba. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitangaza kwamba, kromi ikiwa na unene unaofaa, tabaka mbili za chuma hujipanga zikielekea pande zinazokinzana.

Ugunduzi huo ulifungua mwingine. Mwaka 1988, kundi la Grünberg na kundi la Albert Fert nchini Ufaransa, kila moja kivyake, yaligundua kwamba umeme hupita kwa shida tabaka zinapokinzana na kupita kwa urahisi zinapolazimishwa kuelekea upande mmoja. Kitu kinachobadilisha ukinzani wa umeme kwa mguso mdogo wa sumaku ni kisomeo bora cha diski. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilianza kuuza diski ngumu zenye visomeo vya namna hiyo, na Fert na Grünberg wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2007. Visomeo hivyo vimekwisha kurithiwa na vya aina nyingine, lakini tasnifu nyingi za Kiswahili zilizochapwa kwenye kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihifadhiwa na kusomwa kwa njia iliyoanzia kwenye nuru ya Jülich. Watunzi wake hawakuwa na neno la kuieleza.

Kutoka kusoma hadi kuandika

Mpaka hapa nuru imekuwa msomaji. Je, yaweza kuwa mwandishi? Mwaka 1996 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, waliipiga nikeli kwa mapigo ya leza yenye muda wa femtosekunde 60, na usumaku wake ukapungua kabla ya pikosekunde moja kwisha. Hakuna aliyetarajia kasi hiyo, na mjadala kuhusu njia ambayo spini huipata haujafungwa. Mwaka 2005 kundi la Nijmegen, Uholanzi, lilikwenda mbali zaidi: kwa nuru ambayo upande wake wa mtikisiko huzunguka, liliamsha myumbo wa spini katika fuwele bila ya joto kuwa ndilo lililofanya kazi. Nuru iliyozunguka kulia iliziamsha spini kwa namna moja, na iliyozunguka kushoto kwa namna iliyo kinyume. Ni kisa cha Faraday kilichogeuzwa: wakati ule usumaku uliisokota nuru, safari hii nuru ndiyo iliyozisukuma spini.

Suala la ngeli

Limebaki jambo moja dogo, ambalo mwanaisimu hataliona kuwa dogo. Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba sentensi moja hapo juu ilisema fotoni “humkuta magnoni” na “ikammeza”, kana kwamba magnoni ni kiumbe wa ngeli ya A-WA, ilhali kwingineko imeandikwa “magnoni moja”. Lugha ya masimulizi huwavuta wahusika kwenye uhai, na fotoni inayomeza ni mhusika. Katika hadithi jambo hilo halina ubaya. Katika istilahi lina ubaya, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi unaobadilika humfanya mwanafunzi adhani kuna vitu viwili.

Pana mtego wa pili. Neno magnoni linaanza na silabi ma-, na wazungumzaji wa Kiswahili wana mazoea yao na silabi hiyo. Neno la Kiingereza la kizuia tope cha gari lilipoingia likawa madigadi, watu wakalichukulia kuwa wingi, wakaunda umoja wake: digadi. Neno la mzunguko wa barabara likawa kiplefti, na wingi wake ukawa viplefti. Hakuna kinachozuia darasa la fizikia kusema siku moja kwamba “gnoni moja limezaliwa, magnoni mawili yamemezwa”. Wahafidhina watacheka, ingawa hivyo ndivyo lugha hai inavyokula.

Hata hivyo, elektroni, protoni na fotoni zimekwisha kukaa katika ngeli ya I-ZI bila ugomvi, na magnoni ni jamaa yao. Ikiwekwa humo, itaandikwa magnoni imezaliwa, magnoni zimemezwa, na wingi wake utatambulika kwa upatanisho pekee. Myumbo utakaa katika U-I, na wimbi katika LI-YA kama kawaida. Kilicho kigumu ni spini: kwa kuwa ni jina la sifa na wakati huo huo la kitu chenye sifa hiyo, “spini ya elektroni” na “spini zimeinama” hutumia neno moja kwa maana mbili. Kiingereza nacho kina kasoro hiyo hiyo na kimeishi nayo tangu 1925. Kiswahili kinaweza kuiepuka kwa kuiita sifa yenyewe uspini, kama ilivyo sumaku na usumaku, na kuliacha neno spini liwe la kile kinachoinama.